Mwomba Chai

Vitabu vingi vya kufundishia lugha za kigeni humketisha mwanafunzi mkahawani mapema mno. Hajajua bado kuuliza njia, wala kueleza maradhi yake kwa mganga, lakini tayari amekwishawekwa mezani akifundishwa kuagiza chai. Pengine watunzi wa vitabu hivyo wana hekima yao. Mtu aliyefika ugenini hana haja kubwa kuliko kitu cha moto, na zaidi ya kitu hicho cha moto, ana haja ya sababu ya kuketi mahali bila ya kuulizwa amefuata nini. Kikombe cha chai humpa sababu hiyo. Mwenye kikombe mkononi haulizwi.

Kijana mmoja wa Tandika, wilayani Temeke, alikuwa na kitabu cha namna hiyo, cha lugha ya Kiestonia. Alikuwa amepata nafasi ya masomo katika Chuo Kikuu cha Tartu, chuo kilichoasisiwa mwaka 1632, na masomo yenyewe yalikuwa kwa Kiingereza. Hapana aliyemlazimisha kujifunza lugha ya wenyeji. Rafiki zake walimcheka: lugha ya watu milioni moja na ushei, ya nini? Naye akawajibu kwa hesabu. Katika sensa ya mwaka 2022, Manispaa ya Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674, na Estonia nzima ina watu zaidi kidogo ya milioni 1.3. Basi ni kana kwamba watu wa Temeke, kuanzia Keko mpaka Mbagala, wangekuwa na lugha yao peke yao, na bendera yao, na redio yao, na washairi wao. Nani angekubali kuambiwa kuwa lugha ya Temeke haina maana?

Mwenyewe alizaliwa na mama Mpemba, aliyevuka bahari akiwa msichana, na ambaye kwa miaka mingi huuza chai na chapati karibu na soko la Tandika. Kijana amekua nyuma ya birika la mama yake. Kama kuna mtu mjini humu aliyepaswa kujua namna chai inavyoombwa, ni yeye. Lakini aghalabu mtu hajui anachokijua mpaka akione kwa mwenzake, na kile kitabu cha Kiestonia ndicho kilichomfanya aanze kusikiliza maneno yaliyokuwa yakipita masikioni mwake kila siku tangu utotoni.

Somo la majina lilikuwa jepesi. Chai kwa Kiestonia ni tee, kahawa ni kohv, maziwa ni piim, sukari ni suhkur. Ukiyatazama kwa makini, maneno matatu katika hayo ni jamaa wa karibu na ya kwetu pwani. Sukari na suhkur yote yamepita katika kinywa cha Mwarabu, na kohv na kahawa ni watoto wa qahwa mmoja, mmoja kalelewa Bahari ya Hindi na mwingine kando ya Baltiki. Hata tee na chai asili yake ni moja, Uchina, ila yalitoka nyumbani kwa milango miwili. Wa kusini, katika pwani ya Fujian, walisema te, na neno hilo likapakiwa katika merikebu za Waholanzi mpaka Ulaya ya magharibi na kaskazini. Wengine walisema cha, na neno hilo likashika njia ya nchi kavu mpaka Uajemi na Bara Hindi, likafika katika pwani ya Waswahili likiwa chai. Ndugu wawili waliopoteana wamekutana tena katika ukurasa mmoja wa daftari la mwanafunzi, chini ya taa, Tandika.

Neno tee lina maana ya pili: njia. Kijana alipomweleza mama yake, mama hakuona ajabu. "Basi ukiomba chai na njia utaonyeshwa," alisema, akaendelea kukanda unga.

Ugumu haukuwa katika majina. Ulikuwa katika neno dogo linalokuja kabla ya jina. Mestonia akitaka kahawa husema: Palun üks kohv. Üks ni moja, kohv ni kahawa. Je, palun? Kitabu kilifasiri kwa Kiingereza kwa lile neno la adabu ambalo Waingereza hulibandika mwisho wa sentensi, na kijana, kwa mazoea ya skuli, akaandika pembeni: tafadhali. Kisha akasita. Aliishi Tandika miaka ishirini na ushei. Ni lini alimsikia mtu akimwambia mama yake, tafadhali, chai moja? Alijaribu kukumbuka hata mtu mmoja, asimpate. Tafadhali ilikuwa katika matangazo ya ofisini, katika barua, katika sauti ya mwalimu anayekaribia kukasirika. Katika chai haimo.

Alianza kusikiliza. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, wateja wa kwanza huwa ni makondakta wa daladala na wachukuzi wa sokoni. Huja na haraka yao: "Mama, chai ya rangi, chapati mbili." Hapana kitenzi, hapana ombi, jina la kitu na idadi yake. Baada yao huja watoto wa skuli: "Shikamoo, mama. Naomba chai ya maziwa na andazi." Kisha mafundi makanika, mikono myeusi kwa oili: "Bi mkubwa, nitilie." Wapo wasemao nipe. Wapo wasemao nipatie, na wapo wasemao nisaidie, kana kwamba kikombe cha chai ni mzigo unaohitaji watu wawili. Na yuko mzee mmoja ambaye hukaa tu mwishoni mwa benchi, akatoa salamu, na chai yake ikamfikia bila ya neno jingine. Huyo amekwisha kuomba mara moja zamani sana, na ombi lake bado linafanya kazi.

Mama alikiri kuwa nipe ilimchoma alipofika mjini. Alikotoka, mtu hamwambii mtu nipe ila kama anamdai. Siku za mwanzo aliwajibu wateja hao kwa kimya, na kikombe akakiweka mezani kwa kishindo kidogo. Baadaye alitambua kuwa wengi wao wametoka bara, na lugha za mama zao ni nyingine, na kwamba kila lugha ina pahala pake pa kuwekea adabu. Yule asemaye nipe amekwisha kutoa shikamoo, ameuliza habari za asubuhi na za watoto, amesubiri ajibiwe zote. Adabu yake ameilipa mlangoni. Kuidai tena mezani ni kumtoza mara mbili.

Hilo ndilo jambo ambalo kamusi haiwezi kumfundisha mgeni. Kamusi humpa neno kwa neno, lakini adabu haitembei neno kwa neno. Katika lugha moja hukaa kwenye salamu, katika nyingine kwenye sauti, na katika Kiswahili, mara nyingi hukaa katika tumbo la kitenzi. Litazame neno nitilie. Ni ya mwanzo ni mimi mwombaji. Ti ni kiini cha kutia. Li ni ile kauli ya kutendea, yaani kwa ajili yangu, kwa faida yangu. Na e ya mwisho ndiyo inayoligeuza jambo zima kuwa ombi. Sentensi nzima, pamoja na unyenyekevu wake, imo katika silabi nne. Mtu asemaye nitilie hahitaji tafadhali. Amekwisha kuitia ndani.

Na neno hilo limezaa jina. Wanawake wauzao chakula na chai kando ya njia katika mji wa Dar es Salaam waliitwa mama ntilie, yaani waliitwa kwa ombi la wateja wao. Si kwa kitu wanachouza, kama muuza samaki au muuza mkaa, bali kwa sauti ya mwenye njaa anayewaelekea. Biashara hiyo ilitapakaa katika miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haifiki nusu ya mwezi na kina mama wakalazimika kuongeza sufuria la pili jikoni. Hiyo ndiyo miaka ya Sheria ya Nguvu Kazi, ya mwaka 1983, ambapo mtu asiye na kazi inayotambulika aliweza kukamatwa na kupelekwa shambani. Baadaye jina la mama lishe likaanza kushika nafasi, jina safi, la mikutanoni, lisilo na harufu ya moshi. Kwa hakika ni jina la heshima, na mama wa kijana hulikubali akiitwa. Lakini akiulizwa yeye mwenyewe lipi alipendalo, husema la kwanza. Lishe, kwa maoni yake, ni kazi yake yeye. Ntilie ni watu wawili.

Lilipokuja somo la kuchagua aina ya kinywaji, kijana alikuta mengine. Chai isiyo na maziwa kwa Kiestonia ni must tee, chai nyeusi. Tandika ni chai ya rangi. Rangi gani? Haisemwi. Wekundu wake, au uhudhurungi wake, unaachiwa macho ya mnywaji, nalo jina linatosheka kusema kuwa rangi imo. Huko Mombasa utasikia mkandaa, jina la mti wa mikoko ambao gome lake hutoa rangi ya kutilia ngozi na nyavu, na ukifika Nairobi utakuta turungi, ambayo ni Kiingereza cha chai kali kilichovaa kanzu ya Kiswahili. Wengine husema chai kavu, na hapo mgeni hushangaa: kinywaji gani hicho kilicho kikavu? Zaidi ya hayo, kwa huyu kavu ni bila ya maziwa, na kwa yule kavu ni bila ya kitafunio chochote, chai inywewayo kwa kuwa mkate haukupatikana. Neno moja lina ukavu wa aina mbili, na wa pili ndio unaouma.

Chai ya maziwa nayo ina somo lake. Mestonia akitaka maziwa katika chai yake huongeza mkia katika neno maziwa: tee piimaga. Ga hiyo ni pamoja na. Akitaka bila ya sukari huongeza mkia mwingine: suhkruta. Lugha yao ina hali kumi na nne za jina, na karibu kila moja ni mkia. Kiswahili hubebesha mizigo yake mbele, Kiestonia hubebesha nyuma, na punda wote wawili hufika. Lakini kijana alitambua tofauti ambayo hakuwahi kuifikiria. Hapana anayekuja kwa mama yake akaomba chai na maziwa. Husema chai ya maziwa. Ile na ingeviacha vitu viwili vikae mbalimbali, chai hapa na kijitungi cha maziwa pale, ili mnywaji ajichanganyie mwenyewe. Ile ya inasema kuwa vimepikwa katika sufuria moja, majani, maziwa, iliki na tangawizi, mpaka visiweze kutenganishwa tena. Herufi moja ina mapishi ndani yake. Huko aendako, maziwa yatakuja na mkia wa pamoja, na chai itabaki chai.

Siku za Ijumaa, baada ya sala, kijana huvuka mji kwenda Kinondoni, kwa mjomba wake aishiye Mwananyamala. Huko kinywaji si chai bali kahawa, na namna ya kuomba ni nyingine kabisa. Muuza kahawa hupita na dele lake juu ya jiko la makaa, na kwa mkono wa pili hugonganisha vikombe vidogo, kwa mlio ambao kila mtaa wa mji huu unaujua. Hapa muuzaji ndiye aanzaye kusema, na husema kwa vikombe. Mnunuzi huinua kidole, au huita tu, "Mzee, hapa!" Kahawa ni chungu, haina sukari, na utamu wake umo katika kashata iliyo pembeni. Kikombe ni kidogo kiasi kwamba mtu hawezi kusema amekuja kukata kiu. Amekuja barazani. Watu wa Unguja wanaijua hali hiyo kwa kuketi Jaws Corner, Mji Mkongwe, ambako kahawa na siasa huchujwa katika chombo kimoja.

Katika kijiwe cha mjomba alikuwepo mzee wa Kihaya, mwenyeji wa Bukoba. Alisimulia kuwa kwao kahawa ilikuwa ya kutafunwa kabla haijawa ya kunywewa. Buni huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, na mgeni akiingia hutiliwa kiganjani. Mgeni haombi. Angeomba vipi kitu ambacho kumnyima ni aibu ya mwenyeji? Alipokuja Dar es Salaam akiwa kijana, alikaa siku kadhaa karibu na wauza kahawa akingoja atiliwe kiganjani, naye hakutiliwa. Wazee walicheka, naye akacheka. Lakini aliongeza neno ambalo halikuchekesha mtu: kwamba siku alipoinua kidole na kuita kwa mara ya kwanza, alijua kuwa ameondoka kwao.

Ni mjomba aliyelifungua fumbo la tafadhali. Alifanya kazi Maskati miaka mingi, miongoni mwa Waomani wasemao Kiswahili ndani na Kiarabu nje. Kijana alipomwambia kuwa neno hilo halisikiki mezani kwa mama yake, mjomba alitikisa kichwa.

"Neno hilo limekaa upande usio wake, mwanangu," alisema. "Mwarabu hasemi tafadhali akiomba. Husema akitoa. Anakumiminia kahawa, anakunyooshea finjani, ndipo asemapo tafadhal, yaani karibu, pokea, nifanyie fadhila ya kupokea. Akiomba yeye ana neno jingine. Sisi tulilichukua neno la mtoaji tukampa mwombaji."

Kijana alikaa na jambo hilo njia nzima ya kurudi Tandika. Fadhila ya kupokea! Hapo mtoaji ndiye mwombaji, naye apewaye ndiye afadhiliye. Usiku alifungua kamusi yake ya Kiestonia, akalitafuta upya lile neno lake dogo, na akakuta mambo mawili ambayo kitabu cha mwanzo hakikumweleza. La kwanza, palun si neno la pambo. Ni kitenzi, kutoka paluma, kuomba, katika nafsi ya kwanza. Palun maana yake ni naomba, sawasawa, bila ya kupungua wala kuzidi. Na kama ilivyo katika Kiswahili, ambapo mtu humwomba jirani chumvi na humwomba Mola rehema kwa kitenzi kile kile, Waestonia nao hulijenga neno lao la dua, palve, juu ya shina hilo hilo. La pili ni kwamba palun husemwa na pande zote mbili. Mteja husema palun akiomba kahawa, na mhudumu husema palun akiiweka mezani. Naomba unipe, naomba upokee. Lile neno ambalo Waarabu humwachia mtoaji, na Waswahili wakamhamishia mwombaji, Waestonia huwagawia wote wawili.

Aliyaleta hayo kwa mama yake, naye aliyapokea kama apokeavyo habari za bei ya unga, kwa makini na bila ya kelele. Kisha akauliza, "Na yule asiyeomba vizuri?"

Swali hilo halikuwa jepesi kama lilivyosikika, kwa kuwa mjini humu kuna watu wengine waombao chai. Mwananchi amekwenda kutafuta karatasi yake, haki yake iliyo wazi, na aliye nyuma ya meza anamwambia kwa sauti ya chini: hata chai? Neno ni lile lile la kina mama wa Tandika, na hata sura ya ukarimu ni ile ile, lakini ombi limepinduka. Anayeomba ndiye mwenye nguvu, na anayeombwa hana nafasi ya kukataa. Ripoti ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, ya mwaka 1996, ilieleza kwa kirefu namna rushwa ilivyowaandama wananchi katika huduma za kila siku. Mwaka 2000 ukarimu wenyewe uliingizwa katika sheria ya uchaguzi kwa jina la takrima, ikawa mgombea aweza kuwakirimu wapiga kura. Na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Vijana nao wameliongezea neno hilo maana nyingine: siku hizi habari ya kubuni, isiyo na ukweli ndani yake, huambiwa ni chai. Maskini chai! Imekuwa kifungua kinywa cha mnyonge, hongo ya mkubwa, na uongo wa kijiweni.

Mama wa kijana hana elimu ya sheria, lakini tofauti ya maombi hayo anaijua kwa mikono yake. Kuomba kwa kweli, kwa maoni yake, ni kule ambako mwombwaji aweza kusema haipo, imekwisha, njoo kesho, na mwombaji akaondoka na salamu ile ile aliyojia. Ombi lisiloweza kukataliwa si ombi. Ndiyo sababu yeye hachukii tena nipe ya mchukuzi wa sokoni aliyetoa shikamoo, lakini huchukia naomba laini ya mgambo anayekuja na virungu nyuma ya mgongo.

Wiki za mwisho kabla ya safari, mama na mwana walifanya mazoezi. Alasiri, wateja wakipungua, kijana huzunguka na kuja mbele ya benchi kama mgeni. "Tere," husema, ndiyo salamu yao. "Palun üks tee." Mama humimina. Siku za mwanzo alimpa kikombe na kusema karibu, kwa kuwa ndilo neno la mtoaji analolijua. Kijana humsahihisha, naye mama hujaribu: ulimi unalikataa lile n la mwisho lisilo na irabu, unataka kusema paluni. Siku ya nne au ya tano alinyoosha kikombe kwa mikono miwili, akasema kwa utulivu, "Palun." Kijana akapokea. Hapana aliyecheka. Ilikuwa kana kwamba mama amemwonyesha mapema uso wa mtu asiyemjua, ambaye atampa mwanawe kitu cha moto siku ya baridi, na mama amemtengenezea mtu huyo sauti yake.

Kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo. Hakuogopa baridi, aliambiwa kuna makoti. Hakuogopa masomo. Aliogopa mahali ambapo mwanawe atakuwa hana anayemjua kwa chai yake, pasipo na benchi la kukaa mwishoni na kufikiwa na kikombe bila ya kusema. Aliwahi kuwa huko yeye mwenyewe, siku aliyoshuka bandarini, na alijua kuwa upweke wa mgeni haumo katika kukosa, bali katika kutojua namna ya kuomba.

Wapo watakaosema kuwa Kiingereza kingetosha, na ni kweli. Katika miji kama Tartu na Tallinn, mhudumu kijana humjibu mgeni kwa Kiingereza kabla hajamaliza sentensi. Kahawa itakuja vile vile, na moto wake ule ule. Lakini watu hao wana historia na lugha yao. Kila tarehe 14 Machi huadhimisha siku ya lugha ya mama, nayo ni siku aliyozaliwa mshairi Kristjan Jaak Peterson, mwaka 1801. Alisoma katika chuo hicho hicho cha Tartu, wakati ambapo Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha ya elimu na Kiestonia kilihesabiwa lugha ya wakulima, naye akatunga kwa lugha hiyo ya wakulima, akafa mwaka 1822 akiwa na miaka ishirini na moja. Waswahili wana tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, ukumbusho wa siku ya mwaka 1954 ambapo TANU ilikikubali Kiswahili kuwa chombo cha ukombozi. Wale wameichagua siku ya mtunzi, hawa siku ya chama. Lakini wote wanajua maana ya kuambiwa kuwa lugha yako haitoshi. Mgeni anayeomba kahawa kwa Kiestonia kibovu hapati kahawa bora. Anachofanya ni kumwachia mwenyeji awe mwenyeji. Anamwambia, kwa neno moja, kuwa amekuja kwao, si kwamba wao wamemfuata.

Wahenga walisema: mwomba chumvi huombea chungu chake. Mama alimwambia mwanawe methali hiyo siku ya kuondoka, pamoja na wosia mwingine wa kawaida wa mama, kula, kusali, kupiga simu. Hakuifafanua.

Siku chache baadaye, alfajiri, fundi makanika aliketi kwenye benchi la Tandika na kusema kama siku zote, "Bi mkubwa, nitilie." Kikombe kilipomfikia, kilikuja na neno geni.

"Umesemaje, mama?"

"Palun."

"Ndiyo nini hiyo?"

Mama alifikiri kidogo, akifunika birika. "Ndiyo karibu," alisema. "Na ndiyo naomba."

Fundi alilirudia, akalivunja, akalirudia tena. Siku hizi akifika huanza nalo yeye, na wachukuzi wawili watatu wameliokota kutoka kwake, bila ya kujua ni la wapi. Huomba kwalo, hujibiwa kwalo, na chai humiminwa.